Namna ya Kuzitazama Melodrama za Hollywood za Mwaka 1930 hadi 1934

Mtazamaji aliyezizoea filamu za zamani za Marekani, zile ambazo mume na mke hulala katika vitanda viwili vilivyotenganishwa na meza ya taa, na ambazo mwanamke aliyekosea hana budi kufa au kutubu kabla filamu haijaisha, hupata mshangao anapokutana kwa mara ya kwanza na filamu zilizozitangulia hizo kwa miaka michache tu. Katika The Divorcee ya mwaka 1930, mke anayegundua kwamba mumewe amemsaliti analala na rafiki mkubwa wa mume huyo, kisha anamwarifu mumewe kuwa hesabu zao sasa ziko sawa. Katika One Way Passage ya mwaka 1932, mtu anayesafirishwa kwenda kunyongwa ndiye muungwana kuliko abiria wote melini. Katika Baby Face ya mwaka 1933, msichana maskini anapanda ngazi za benki, idara baada ya idara, kwa kuwatumia wanaume kama wanaume walivyomtumia yeye. Filamu za aina hii zilitengenezwa kwa mamia katika muda wa miaka minne na ushee. Mwongozo huu unahusu zile za majonzi ya mapenzi, ndoa na uzazi, yaani melodrama, ambazo zimedharauliwa kuliko filamu za majambazi za wakati huohuo, na ambazo kwa maoni yangu ndizo zilizothubutu zaidi.

Jua kwanza filamu hizi zilikuwa zikikwepa nini

Wengi hudhani kwamba katika miaka hiyo hapakuwa na kanuni yoyote. Kanuni ilikuwepo, tena imeandikwa kwa urefu. Tarehe 31 Machi 1930 chama cha studio kubwa, kilichoongozwa na Will Hays, aliyewahi kuwa waziri wa posta wa Marekani, kilipitisha kanuni ya utengenezaji wa filamu iliyotungwa na padri Mjesuiti Daniel Lord kwa kushirikiana na Martin Quigley, mchapishaji wa majarida ya biashara ya sinema. Ilisema kwamba huruma ya mtazamaji isielekezwe kwa mwovu, kwamba uzinzi usipambwe, na kwamba mapenzi kati ya Weusi na Weupe yasionyeshwe kabisa. Lakini ofisi iliyopewa kazi ya ukaguzi haikuwa na meno. Studio iliyokataa uamuzi wake iliweza kukata rufaa mbele ya jopo la watengenezaji filamu wenyewe, na kila mmoja katika jopo hilo alijua kwamba kesho atahitaji kufanyiwa hisani ileile.

Juu ya hayo kulikuwa na njaa. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, na baada ya muda mfupi watu walianza kupungua kwenye majumba ya sinema. Paramount, mojawapo ya studio kubwa kuliko zote, ilifilisika mwaka 1933. Studio iliyo katika hali hiyo haiulizi sana padri atasema nini iwapo hadithi ya mke aliyeasi itajaza viti siku ya Jumamosi. Kwa hiyo kanuni ilisomwa, ikasifiwa, na ikapigwa chenga kila wiki.

Mambo yalibadilika katikati ya mwaka 1934. Wakatoliki walikuwa wameanzisha kampeni ya kuwataka waumini waweke ahadi ya kutotazama filamu chafu, na askofu mkuu wa Philadelphia aliwataka waumini wake wasusie sinema zote. Studio zikaogopa. Tangu Julai mwaka huo, Joseph Breen alisimamia ofisi mpya iliyosoma miswada kabla ya kamera kuwashwa na kutoa cheti kwa kila filamu iliyopita. Studio mwanachama ambayo ingetoa filamu bila cheti ilikabiliwa na faini ya dola 25,000. Filamu zilizokwisha kutoka nazo, zikitaka kurudishwa sokoni, zililazimika kupita mlango huohuo, na nyingi zilikataliwa au zikakatwa. Ndiyo sababu zilipotea machoni pa watu kwa miongo kadhaa.

Kuna mkasi wa pili usiopaswa kuusahau. Majimbo kadhaa ya Marekani, yakiwemo New York, Pennsylvania na Ohio, yalikuwa na bodi zake za udhibiti, kwa kuwa mwaka 1915 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imeamua kwamba sinema ni biashara tu na haina kinga ya uhuru wa kusema. Filamu moja iliweza kuonyeshwa nzima katika jimbo moja na kukatwakatwa katika jimbo jirani. Jambo hili litakuhusu moja kwa moja utakapotafuta kopi.

Anza na filamu fupi, na uikague kopi yake

Ushauri wangu ni kuanza na One Way Passage, iliyoongozwa na Tay Garnett. Ina urefu wa chini ya dakika 70, hadithi yake inaeleweka hata kwa asiyejua lolote kuhusu enzi hiyo, na ina kila kitu kinachoifanya melodrama ya wakati huo kuwa tofauti na zilizofuata. Mwanamume na mwanamke wanagongana katika baa huko Hong Kong, kinywaji cha mwanamume kinamwagika, wanaagiza kingine, wanakunywa, kisha wanazivunja glasi na kuiacha miguu miwili ya glasi hizo juu ya kaunta, mmoja umeukatiza mwenzake. Kila mmoja ana siri. Mwanamume, anayeigizwa na William Powell, ametoroka gereza na anasubiriwa na kamba. Mwanamke, Kay Francis, ana ugonjwa ambao utamuua hivi karibuni. Wanapanda meli moja kwenda San Francisco, mwanamume akiwa chini ya ulinzi wa askari kanzu.

Itazame filamu hii kwa kuangalia ni mambo mangapi haisemi. Hakuna hotuba ya mapenzi. Hakuna anayelia kwa sauti mbele ya kamera kwa dakika tatu. Katikati ya safari, meli inapotia nanga Honolulu, mfungwa anapata nafasi halisi ya kutoroka, na kinachomrudisha hakitangazwi. Baadaye kila mmoja anaijua siri ya mwenzake, na kila mmoja anaendelea kujifanya hajui ili asimharibie mwenzake siku chache zilizobaki. Waongo wawili wanadanganyana kwa heshima. Mwandishi wa kisa hicho, Robert Lord, alipata tuzo ya Oscar, naye aliistahili. Angalia pia kwamba wasaidizi wa wapenzi hawa ni tapeli wa kike na mlevi mwizi wa mifukoni, na kwamba filamu inawapenda. Miaka mitatu baadaye watu hao wangelazimika kupata adhabu au mawaidha.

Kuhusu kopi, tabia moja itakuokoa na hasara nyingi: kabla ya kutazama, linganisha urefu wa kopi uliyoipata na urefu wa awali wa filamu. A Farewell to Arms ya Frank Borzage, ya mwaka 1932, ilikuwa na dakika 89 ilipotoka. Iliporudishwa sokoni baadaye ilikatwa dakika kadhaa, na kopi zilizokatwa zimezagaa sana kwenye intaneti kwa sababu ni rahisi kuzipata. Atakayetazama kopi hiyo atadhani kwamba Borzage alikuwa na haraka. Baby Face nayo ilijulikana kwa miaka 70 katika hali yake iliyosafishwa tu, mpaka mwaka 2004, nakala ya awali ilipogunduliwa katika hifadhi ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukiona kopi ya dakika 71 ujue ni ile ya wadhibiti. Nzima ina dakika tano hivi zaidi, na dakika hizo tano zinabadilisha maana ya kila kitu.

Filamu nyingi za kundi hili zimetolewa kwenye DVD na kampuni zinazozimiliki, na kituo cha televisheni cha Turner Classic Movies kimekuwa kikizionyesha kwa miaka mingi. Kwa sheria ya Marekani, filamu iliyotolewa rasmi wakati huo hulindwa kwa miaka 95 na mwishoni mwa mwaka wa mwisho kinga yake hukoma, kwa hiyo kila Januari fungu jipya linakuwa halali kwa yeyote kulisambaza bure. Chagua kopi yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha ukiweza. Waigizaji wa studio ya Warner Bros. hasa walizungumza kwa kasi ya kutisha, na maneno yao ya mtaani ya mwaka 1932 humpita hata Mmarekani wa leo.

Zoeza sikio lako, kisha jicho

Jambo la kwanza litakalokusumbua ni ukimya. Sauti ilikuwa imeingia kwenye sinema miaka michache tu nyuma, na filamu nyingi za mwanzoni mwa kipindi hiki hazina muziki wa kusindikiza mazungumzo. Unasikia sauti za watu, mlango, viatu, na mchakacho wa mkanda wenyewe. Kwa sisi tuliolelewa na filamu za Kihindi, ambamo wimbo hubeba huzuni pale maneno yanaposhindwa, ukimya huu huweza kuonekana kama upungufu. Usiongeze sauti wala usikimbilie simu. Baada ya filamu mbili tatu utaanza kuona kwamba mwigizaji asiyebebwa na fidla analazimika kuibeba huzuni kwa uso na kwa pumzi yake.

Mfano bora ni Back Street ya mwaka 1932, iliyoongozwa na John M. Stahl wa studio ya Universal. Irene Dunne anaigiza mwanamke wa Cincinnati anayechelewa miadi moja kwenye bustani ya bendi, na kwa kuchelewa huko anamkosa mwanamume aliyetaka kumtambulisha kwa mama yake kama mchumba. Wanakutana tena baada ya miaka, mwanamume akiwa ameshaoa, naye anakubali kuwa nyumba ndogo yake kwa maisha yote, katika chumba anachokilipia mwanamume huyo, akingoja simu. Stahl haisogezi kamera yake bila sababu na hakati picha haraka. Anaiacha mbele ya mwanamke aliyekaa, na wewe unakaa naye. Karibu na mwisho, mwanamume amepooza kitandani, hawezi kusema, na anamwashiria mwanawe ampigie simu mwanamke yule. Kijana, ambaye siku zote alimchukia, anashika simu na kuiweka kwenye sikio la baba yake. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Tukio hilo limepigwa picha kwa utulivu ambao filamu nyingi za mapenzi za leo haziuwezi, kwa kuwa zinamwogopa mtazamaji.

Ukishazoea kusikiliza, geukia kile kinachofichwa. Waongozaji wa kipindi hiki walikuwa na uhuru mkubwa, lakini uhuru wa kuonyesha kitanda hawakuwa nao, na hapo ndipo ustadi wao ulipo. Tazama mapazia yanapofungwa, taa zinapozimwa, skrini inapoingia giza wakati watu wawili wamesimama wima na inaporudi asubuhi na chai ya watu wawili mezani. Katika Three on a Match ya Mervyn LeRoy, ya mwaka 1932, filamu haitamki kwamba mama aliyekimbia nyumba yake amekuwa mtumwa wa kokeini. Humphrey Bogart, aliyekuwa bado mwigizaji wa nafasi ndogo, anapitisha tu kidole gumba chini ya pua yake na kutabasamu, na mtazamaji wa mwaka 1932 alielewa yote. Ishara hiyo inachukua chini ya sekunde mbili. Ukifumba macho umeikosa.

Angalia pia fedha. Melodrama za baadaye huzungumzia mapenzi kana kwamba watu hawalipi kodi ya nyumba, lakini hizi za miaka ya mdororo wa uchumi zinajua bei ya kila kitu. Katika Blonde Venus ya Josef von Sternberg, Marlene Dietrich anarudi jukwaani kwa sababu mumewe amedhurika kwa radiamu, madini yenye mionzi, na anahitaji nauli na matibabu huko Ujerumani. Usaliti wake unaanza na hundi. Katika Waterloo Bridge ya James Whale, ya mwaka 1931, kahaba na jirani yake wanazungumza kuhusu kodi waliyochelewa kumlipa mwenye nyumba kabla hawajazungumza kuhusu moyo. Ukijiuliza katika kila tukio nani analipa, na kwa nini, utaona hoja ya filamu ikijifungua yenyewe: kwamba mwanamke asiye na kazi wala mali ana kitu kimoja cha kuuza, na jamii inayomlaumu kwa kukiuza ndiyo inayokinunua.

Kwa mavazi sitakaa sana. Nguo za Norma Shearer na Kay Francis zilikuwa sehemu ya biashara, na wanawake walikwenda kuzitazama hizo kama walivyokwenda kutazama hadithi. Itoshe kusema kwamba hariri iliyokatwa kwa mshazari, bila chochote chini yake, ni kauli pia, na wadhibiti waliisoma vizuri. Shearer mwenyewe, ambaye mumewe Irving Thalberg alikuwa mkubwa wa utengenezaji katika studio ya MGM, alipiga picha za kuvutia kwa mpiga picha George Hurrell ili kumshawishi mumewe kwamba aliweza kuigiza mke mwenye makosa katika The Divorcee. Alipata nafasi hiyo, na Oscar pia.

Usiruhusu dakika tano za mwisho zikuhukumie filamu

Hapa ndipo watazamaji wengi hukosea. Wanaona mwanamke aliyeishi kwa uhuru kwa dakika 60 akifa, akirudi kwa mumewe au akiacha mali, wanasema filamu ilikuwa ya mawaidha tu kama nyingine. Mwisho wa namna hiyo mara nyingi ulikuwa kama kodi ya forodha: ulilipwa ili mzigo upite. Pima uzito wa mambo kwa muda uliopewa kila jambo na kwa nguvu ambayo kamera imeliwekea. Ikiwa filamu imetumia saa nzima kumfanya umpende mkosaji na dakika moja na nusu kumwadhibu, huhitaji kuambiwa mwongozaji alisimama upande gani.

Wakati mwingine hata kodi hiyo haikulipwa. Mwishoni mwa Red-Headed Woman ya mwaka 1932, Jean Harlow, baada ya kuvunja ndoa ya bosi wake na kumpiga risasi, anaonekana Paris akiwa na mzee tajiri na dereva kijana mwenye sura nzuri, amenawiri. Filamu kama hiyo iliwapa wahubiri kazi ya kufanya kwa miaka miwili. Wakati mwingine adhabu ilikuwa kali kupita kiasi, kiasi kwamba inageuka kuwa kitu kingine. Katika Three on a Match, mama niliyemtaja anapotambua kwamba majambazi wanakusudia kumuua mwanawe, anaandika kwa rangi ya mdomo juu ya nguo yake ya kulalia mahali mtoto alipofichwa, kisha anajitupa dirishani ili polisi waisome maiti yake. Kwa kipimo cha kanuni, mwenye dhambi amekufa. Kwa mtazamaji, hakuna mtu mwingine katika filamu nzima aliyefanya jambo kubwa kama lile, na uigizaji wa Ann Dvorak unaifunika kabisa kazi ya Bette Davis, ambaye yumo humo bila kupewa cha kufanya.

Baby Face inafaa kutazamwa mara mbili kwa ajili ya somo hili. Lily, anayeigizwa na Barbara Stanwyck, ni binti wa mwenye kilabu cha pombe ya magendo katika mji wa Erie, Pennsylvania, na baba yake amekuwa akimtoa kwa wateja. Fundi viatu mzee, msomaji wa mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche, anamhimiza aende mji mkubwa akawatumie wanaume badala ya kutumiwa nao. Bodi ya New York ilipoikataa filamu mwaka 1933, studio ilirekodi upya maneno ya mzee yule ili amuusie kuwa kuna njia njema na njia mbaya, na ikabandika mwisho mpya ambamo wanandoa wanaishi maisha ya kimaskini lakini safi katika mji wa viwanda vya chuma. Zitazame nakala zote mbili katika juma moja. Utasikia jinsi maneno mapya ya fundi viatu yasivyooana na uso wake, na utagundua kwamba picha za kamera inayopanda nje ya jengo la benki, ghorofa kwa ghorofa huku wimbo wa St. Louis Blues ukipigwa, hazikuguswa. Wadhibiti waliyakata maneno na kuuacha mzaha mkubwa kuliko wote.

Linganisha filamu moja na mrithi wake

Zoezi lenye faida kubwa baada ya hapo ni kuchukua hadithi moja iliyotengenezwa kabla na baada ya mwaka 1934. Waterloo Bridge ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa ile ya mwaka 1940, yenye Vivien Leigh na Robert Taylor, ndiyo iliyopata umaarufu, na ile ya Whale ilifichwa kwa miaka mingi baada ya MGM kununua haki zake.

Katika ile ya 1940, Myra ni mcheza baleti anayempenda afisa, anasoma kwa bahati mbaya kwamba ameuawa vitani, na kwa ufukara na majonzi anaingia mitaani. Anastahili huruma kwa sababu alianguka bila hiari. Katika ile ya 1931, Myra anayeigizwa na Mae Clarke ni kahaba tangu siku ya kwanza anapokutana na askari kijana darajani, wakati London inashambuliwa kwa mabomu ya ndege za Zeppelin. Alikuwa mcheza dansi, kazi ikaisha, kodi haikuisha. Anamkasirikia kijana kwa wema wake, anakataa fedha zake kwa hasira ya mtu anayezihitaji, na anapopelekwa kwa familia tajiri mashambani anamweleza mama mtu ukweli wote ana kwa ana. Mama anamshukuru, anamhurumia, na bado anamwomba asiolewe na mwanawe. Wema wa mama huyo una ncha kali kuliko tusi. Toleo la pili ni zuri kwa macho na limepambwa kwa mishumaa. La kwanza lina mwanamke anayepumua. Nimewahi kusikia watu wakidai kwamba udhibiti uliwafundisha waongozaji ustadi wa kudokeza. Kwa vichekesho nakubali. Kwa melodrama, jozi hii inanifanya nikatae.

Tazama pia waliowekwa pembeni

Uhuru wa miaka hiyo haukugawiwa sawa, na mtazamaji wa Kiafrika hana sababu ya kulifumbia macho hilo. Katika Blonde Venus, Dietrich anatoka ndani ya vazi la sokwe katikati ya wachezaji waliovalishwa ngao, mikuki na nywele bandia ili wawe Waafrika wa kubuni, na tukio hilo husifiwa mpaka leo kwa ubunifu wa picha. Picha zake ni kali kweli. Dhihaka yake pia ni ya kweli, na mtu anaweza kuyaona yote mawili bila kuomba radhi kwa upande wowote. Katika The Bitter Tea of General Yen ya Frank Capra, ya mwaka 1933, jenerali wa Kichina anayependwa na mmisionari wa kike Mmarekani ameigizwa na Nils Asther, aliyetoka Sweden, kwa kubadilishwa macho kwa vipodozi. Hata hivyo ndoto ya mmisionari yule, ambamo anamtamani mtu aliyefundishwa kumwogopa, ni jambo ambalo miaka miwili baadaye lisingefika kwenye karatasi.

Mfuatilie hasa Theresa Harris, mwigizaji Mweusi anayemwigiza Chico katika Baby Face. Kwa mazoea ya Hollywood, Chico ni mjakazi. Lakini yeye na Lily wanasafiri pamoja ndani ya behewa la mizigo wakiwa marafiki, na mwanamume anapotaka Chico afukuzwe, Lily anajibu kwamba Chico akiondoka na yeye anaondoka. Urafiki huo ndio uhusiano pekee katika filamu ambao haununuliwi. Harris alikuwa na sura, sauti na akili ya kuongoza filamu, na aliendelea kupewa trei na kofia nyeupe kwa miaka mingi iliyofuata.

Jinsi ya kuendelea

Baada ya filamu tano au sita utaanza kutambua studio kwa ladha yake, na hapo uchaguzi unakuwa rahisi. Warner Bros. ni mfupi wa maneno, mwenye haraka, na jicho lake liko kwa wasio na kazi. Baada ya Three on a Match tafuta Heroes for Sale ya William Wellman, ya mwaka 1933, ambayo inamtwisha askari mmoja vita, mofini, gereza na ukosefu wa ajira katika muda wa dakika 70 na kidogo. MGM ni sebule nyeupe na watu wenye fedha wanaoteseka kwa starehe. Paramount ni kivuli, moshi na lafudhi za Ulaya. Universal, kwa Stahl na Whale, ina subira. Borzage alihama kutoka studio hadi studio, lakini Man's Castle yake ya mwaka 1933, kuhusu Spencer Tracy na Loretta Young wakiishi katika kibanda cha mabati na mbao, ni ya kutazamwa popote ilipotoka, mradi uipate kopi isiyokatwa.

Usizitazame mbili kwa usiku mmoja ati kwa sababu ni fupi. Zimesongamana mambo, na ya pili huifuta ya kwanza. Andika mistari michache baada ya kila moja: nani alilipa, nini kilifichwa, na mwisho ulichukua dakika ngapi.

Ukifika hapo, itazame Imitation of Life ya Stahl, iliyotoka Novemba 1934, ofisi ya Breen ikiwa tayari kazini. Ofisi hiyo ilisumbuka sana na mhusika Peola, binti wa mwanamke Mweusi ambaye rangi yake inamruhusu kupita kama Mzungu, kwa kuwa kuwepo kwake tu kulidokeza jambo ambalo kanuni ililikataza, yaani mapenzi kati ya Weusi na Weupe. Nafasi hiyo aliigiza Fredi Washington, na mama wa Peola anaigizwa na Louise Beavers. Kwa macho uliyokwisha kuyazoeza, utaweza kuona ni wapi filamu inasema kwa sauti, ni wapi inaanza kunong'ona kwa sababu kuna mtu mlangoni, na ni kiasi gani Stahl aliweza kupitisha hata hivyo. Inakaribia saa mbili, kwa hiyo itafutie jioni isiyo na shughuli nyingine.